Majibu ya Kaka wa Wote

Mwanamke aliyejitanda mtandio hadi chini ya macho alibisha hodi saa tisa alasiri, mfuko wa karatasi mkononi, akasema amekuja kumwona kaka yake. Mlinzi akamuuliza kaka yupi. Mgeni alipoonyesha bango la ukutani, lile lenye meno meupe na maandishi Kaka wa Wote, mlinzi alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwambia kwa hesabu hiyo hata yeye ni ndugu wa damu, ila hajawahi kukaribishwa hata chai.

"Aliniandikia mwenyewe," mwanamke alisema. "Alisema nije siku yoyote, mlango uko wazi. Mwambie ni Fundi Buluu."

Nyuma ya kioo cha mapokezi, msichana waliyemwita Kalamu aliacha kuchapa. Maneno yale, mlango uko wazi, aliyaandika yeye kwa vidole vyake, kwenye meza hiyohiyo.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kaka wa Wote alikuwa mtoto wa mjomba wake, kijana aliyejijengea jina mtandaoni kwa kuwafariji watu: video fupi, sauti ya chini, jicho lenye unyevu. Kalamu alipomaliza chuo na kutembeza vyeti miezi minane mpaka soli zikaisha, mama yake alikwenda kumpigia magoti mjomba, na mtoto wa mjomba akampa kiti. Alitakiwa kujibu ujumbe wa wafuasi kwa jina la Kaka. Sheria zilibandikwa ukutani. Kila ujumbe ujibiwe ndani ya saa moja. Mtaje mtu kwa jina. Malizia kwa swali, maana swali huleta jibu, na jibu huupandisha ukurasa. Kulikuwa na majibu ya akiba mia mbili. Kilichobaki ni kunakili na kubandika.

Kalamu hakuweza. Alisoma ujumbe wa watu mpaka mwisho, akawajibu kwa moyo wake. Kwa miezi mitano aliandikiana na Fundi Buluu, mshonaji aliyeunguzwa uso na jiko la mafuta, ambaye tangu siku hiyo alipokea vitambaa kupitia dirishani na kuwaomba wateja waangalie pembeni. Siku moja fundi alituma picha ya uso wake, ya kwanza tangu aungue, akaandika chini yake kwamba anaomba radhi. Kalamu alilia, akamjibu, kisha akaiondoa picha ile kwenye mazungumzo yao na kuihifadhi kwenye simu yake mwenyewe, wenzake wasije wakaichungulia. Hakuona kwamba anamdanganya mtu. Aliona jina ni la Kaka lakini huruma ni ya kweli, na hakujua kwamba huruma ya kweli nayo inaweza kumdhuru mtu.

Meneja, mwanamke aliyemlea Kaka tangu wafuasi wakiwa mia tatu, alitoka chumbani kwake akamtazama mgeni kupitia kioo. Wiki hiyo mambo yalikuwa yamechacha. Kulikuwa na sauti iliyosambaa, Kaka akimtukana mhudumu wa hoteli kwa kumletea maji yasiyo baridi, na wafuasi elfu arobaini walikuwa wamejiondoa kwa siku sita. Kampuni ya sabuni ilikuwa imeanza kutopokea simu. Meneja akauliza chini ya mtandio kuna nini. Kalamu, akidhani anamwombea mgeni upole, akamsimulia yote.

"Nipe nusu ukurasa," Meneja alisema. "Jeraha, wafu wake, vitu anavyopenda. Dakika kumi."

Kaka aliikariri ile nusu ukurasa huku akipakwa poda. Aliuliza kama ni jiko au pasi. Akaambiwa jiko. Akawa anasema jiko, jiko, jiko, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Sebule ya kupigia video ilikuwa na ukuta mweupe, mimea ya plastiki, na rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa rangi, ambavyo hakuna aliyewahi kuvifungua. Kaka alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akamwita dada yangu Buluu, akamuuliza habari za cherehani lake linalokata uzi. Fundi alianza kulia hata kabla hajakaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati alilomshonea kwa kumpima kwa macho tu, kutoka kwenye video. Kaka alilikumbatia. Kisha, kwa ile sauti ya chini, akamwomba aufungue uso wake, kwani ndugu kwa ndugu wanafichana nini.

Fundi alizitazama simu mbili zilizosimamishwa mbele ya kochi. Akasema hataki picha. Kaka akainuka, akazizima zote mbili huku Fundi akiona, akazilaza kifudifudi mezani.

Ya tatu ilikuwa kwenye rafu, kati ya vitabu vya kijani.

Kalamu alikuwa chumba cha pili mbele ya kompyuta, bega kwa bega na Meneja. Aliuona mtandio ukishuka. Angeweza kugonga ukuta. Angeweza kuangusha kiti. Meneja akamnong'oneza asiheme kwa nguvu, sauti itaingia. Naye Kalamu, kwa woga wa kumwaga unga, akabana pumzi.

Baada ya dakika ishirini Kaka aliangalia saa yake, akamkumbatia mgeni, akatoka. Kalamu akaambiwa ampeleke akanawe uso kabla hajaondoka.

Bafuni, Fundi alinawa taratibu. Alisema kila Ijumaa, kwenye ujumbe, yeye na kaka yake walikuwa na mchezo: yeye anaeleza nguo aliyoishona wiki ile, kaka anakisia kazi ya mwenye nguo. Leo amemweleza nguo moja pale kochini, naye akampigia makofi, akamwambia ana kipaji.

"Gauni la kijivu," alisema sasa, akiongea na kioo. "Mikono inakunjwa mpaka juu ya kiwiko na kufungwa kwa kifungo. Mbele, usawa wa magoti, kitambaa kimetiwa mara mbili."

"Mkunga," Kalamu akajibu kabla hajafikiri.

Fundi alifunga bomba.

"Kumbe ni wewe."

Kalamu akakiri. Akaanza kueleza kwamba kila neno lilikuwa la kweli, kwamba Ijumaa ndiyo siku aliyokuwa akiingojea. Fundi akamkatiza kwa swali moja tu: kama mle ndani kulikuwa na kitu kinachompiga picha. Kalamu alikuwa na majibu matamu mia mbili kichwani. Akasema kweli, kwamba kulikuwa na simu kwenye rafu.

Fundi hakupiga kelele. Alijitanda mtandio, akauvuta, akaubana kwa pini.

"Nilishazoea kukaa dirishani," alisema. "Wewe ndiye uliyenitoa. Sasa niahidi, si kwa jina lake, kwa lako. Uso wangu mtu asiuone kupitia kwenu."

"Naahidi."

"Hata hilo jina lako silijui," Fundi alisema, akaenda zake.

Saa kumi na mbili jioni video ilikuwa tayari, dakika moja na nusu, na kinanda kwa mbali. Ilitakiwa itoke saa moja, watu wakirudi nyumbani simu mkononi, na Kalamu ndiye wa kuandika maneno ya chini. Alimfuata Kaka, akamsihi, akamweleza ahadi aliyoitoa. Kaka alikuwa akijifuta poda kwa pamba.

"Binamu, tusidanganyane," alisema, wala hakuwa na hasira. "Mimi yule dada simjui, na yeye hanijui. Wewe ndiye uliyemtongoza miezi mitano kwa maneno matamu mpaka akapanda gari. Mimi nimemalizia tu."

Kalamu alijua kwamba ni kweli. Alirudi mezani. Akaifuta video kwenye kompyuta, akaifuta kwenye simu ya rafu, akaifuta na nakala ya mtandaoni, ambayo nywila yake aliijua yeye. Kisha akaenda kumwambia Meneja.

Meneja hakumfokea. Alimwomba funguo za ofisi. Akamwomba asimame kidogo mbele ya ukuta mweupe, kwa ajili ya kumbukumbu, akampiga picha.

Saa moja kamili picha hiyo ilikuwa ukurasani. Pembeni yake Kaka, kwa jicho lenye unyevu, alieleza jinsi alivyogundua kwamba mfanyakazi wake, tena damu yake, alikuwa akijifanya yeye na kuwachezea watu wenye majeraha. Kufika asubuhi watu laki mbili walikuwa wameutazama uso wa Kalamu. Walisema macho ni ya mwizi. Waliijadili pua. Mmoja aliutaja mtaa anaoishi, mwingine akaongeza rangi ya geti. Wafuasi wa Kaka walirudi kwa maelfu.

Siku ya tatu Meneja alipiga simu. Alikuwa amepitia mazungumzo ya zamani, akaona kuna picha ya Fundi iliyotumwa na kuondolewa. Alijua Kalamu anayo. Ampe hiyo moja tu waiweke ukurasani, nao watasema palikuwa na kutoelewana, watashusha picha yake, na Jumatatu arudi kazini. Alimpa mpaka saa sita mchana.

Ni kweli alikuwa nayo. Tangu siku ile hakuwa amepata moyo wa kuifuta. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwamini kiasi hicho.

Mama yake, ambaye mjomba alikuwa ameshamkatia mawasiliano na ambaye hakuwa ametoka nje siku mbili, aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mpe, mwanangu. Ni picha ya mtu usiyemjua."

Kalamu alisema anamjua.

"Na yeye anakujua?"

Kalamu akafungua ukurasa, asijue anatafuta nini. Chini ya picha yake matusi yalikuwa yamefika elfu sita. Aliyasogeza kwa kidole mpaka akaliona jina la Fundi Buluu. Alikuwa ameandika: Afadhali wamekufukuza. Natamani lile jiko lingekulipukia wewe. Watu mia tisa walikuwa wameyapenda maneno hayo.

Aliyasoma mara mbili, kisha akampa mama naye asome. Mama akasema basi, umeona mwenyewe, sasa unamlindia nini.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Kalamu aliichukua simu, akaifungua ile picha. Jicho moja lilikuwa limevutwa chini na ngozi, na mdomo ulikuwa unajaribu kutabasamu. Simu ikamuuliza kama ana hakika, maana ikifutwa hairudi. Akabonyeza ndiyo. Meneja alipopiga, alipokea, akamwambia hana picha ya mtu yeyote.