Kuku wa Babu na Chupa ya Baridi

Bomba la jikoni lilikohoa, kisha maji yakaanza kumwagika kwenye beseni. Kulikuwa bado giza. Nilikuwa kibarazani nikimshikia mjukuu wangu tochi, tukatazamana. Ndani ya nyumba alikuwamo mume wangu peke yake, na mume wangu na bomba la jikoni hawajuani.

Mjukuu wetu yuko chuoni, anasomea kuku. Si kuwafuga, ni kuwasoma. Jioni alipofika alinieleza: ndani ya kuku kuna homoni inayosukuma mambo ya mayai, na kuna protini inayoikamata homoni hiyo isifanye kazi. Kila kiungo kimebeba maagizo ya kuitengeneza protini hiyo, lakini si kila kiungo kinayatii. Yeye anapima ni kipi kinayatii zaidi.

"Yaani hiyo protini kazi yake ni kuzuia tu?"

"Kuzuia tu, Bibi."

"Kama shangazi yako."

"Bibi!"

Alikuwa amepungukiwa kuku mmoja tu wa kienyeji, anayetaga. Asipompata, mwalimu wake hataipokea kazi yake, na mwaka mzima anaurudia. Nikamtolea mweupe wangu. Wengine walikuwa wameatamia, isipokuwa Chongo, na Chongo ni wa Babu. Kuku huyo humfuata hadi mlango wa choo, akamngoja.

Basi alfajiri ile tulimchinja mweupe. Mjukuu alikata kipande cha ini, cha paja, cha ubongo na cha kile kichala cha mayai machanga, akavipanga kwenye meza ya jikoni, tukatoka mbio kuleta chupa ya baridi. Ni chupa kubwa inayotoa moshi bila moto, na mimi nilikuwa nimeikataza kulala ndani. Vipande vilitakiwa kuingia humo papo hapo, kabla yale maagizo hayajaharibika. Kifuniko kikakwama. Ndipo tuliposikia bomba.

Mjukuu alikibandua kifuniko, tukaibeba chupa ndani, tukamkuta Babu amesimama na bakuli. Vipande vyote vilikuwa humo, vimesuguliwa kwa chumvi na ndimu.

"Mmeviacha vichafu," alisema. "Nimewasafishia."

Mjukuu wangu alilitazama bakuli.

"Asante, Babu. Vimetakata kweli."

Akageuka, akainamia chupa yake kuifunga. Alikifunga kile kifuniko kwa muda mrefu kuliko kifuniko chochote kinavyohitaji.

Babu aliniuliza kwa macho, nikamwambia. Kwamba vile havipimiki tena, na kwamba mtoto anarudia mwaka. Aliweka bakuli mezani polepole, akatoka nje. Aliporudi alikuwa na Chongo ndani ya koti, kichwa kimechungulia kwenye kola.

"Babu, huyo hapana."

"Hatagi?"

"Anataga, lakini..."

"Basi ndiye."

"Nitatafuta mwingine."

"Wapi? Mshike, mjukuu wangu. Ananichafulia koti."

Koti lilikuwa safi.

"Atasikia maumivu?" Babu aliuliza.

"Kidogo sana. Nitafanya haraka."

Babu alimshika mwenyewe, akamfunika lile jicho lake moja kwa kidole gumba. Safari hii chupa ilikuwa kando ya meza, wazi. Kazi ilipoanza, Babu alirudi nyuma hadi ukutani, akafumbata mikono mgongoni kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya kioo. Vipande vikaingia kwenye moshi kimoja kimoja. Hakuna aliyegusa bomba.

Mchana nilipika kuku wote wawili. Babu alikula wali mtupu. Alisema jino linamsumbua, akaonyesha upande ambao hana jino. Mjukuu alimwongezea wali bila kuuliza kitu.

Wakati wa kuondoka, Babu alimbebea chupa hadi barabarani, akaishikilia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Hiyo protini yako ya kuzuia," alisema. "Ukiikuta kwa Chongo, njoo uniambie."

"Nitakupigia simu, Babu."

"Simu sisikii vizuri. Njoo."

"Na nisipoikuta?"

Babu alimkabidhi chupa.

"Njoo uniambie hukuikuta."