Imla ya Mkuu wa Shule

Binti mmoja wa darasa la sita alikuwa hasikii vizuri, akifuata masomo kwa kutazama midomo ya mwalimu. Barakoa zilipoanza kuvaliwa, midomo ikapotea, na alama zake zikaporomoka. Akifeli imla ya leo, anarudishwa darasa la tano.

Mwalimu wake aliomba ruhusa ya kusimama nje ya dirisha, asome imla huku ameshusha barakoa. Mkuu wa shule akakataa katakata.

"Tatizo ni sauti yako, dada. Nitasoma mwenyewe, ujifunze."

Akasoma. Kitambaa kikawa kinaingia mdomoni na kutoka, na watoto wakabaki kutazamana.

"Mkuu, hatusikii!"

Mkuu akashusha barakoa hadi kidevuni. "Mna nta masikioni, nyinyi?" Akaipandisha, akaendelea kusoma. Baada ya muda akaishusha tena. "Andikeni! Mbona mnanikodolea macho kama mbuzi?" Akaipandisha, akamalizia imla.

Karatasi za wengine zilikuwa na maneno mawili matatu ya kubahatisha. Ya binti ilikuwa na sentensi nzima, kwa mwandiko safi: "Mna nta masikioni, nyinyi? Andikeni! Mbona mnanikodolea macho kama mbuzi?"

"Nimpe ngapi, Mkuu?" mwalimu akauliza kwa upole.

Mkuu akajibu kitu ndani ya barakoa yake. Kwa kuwa hakuna aliyemsikia, mwalimu akachukulia kwamba ameruhusu. Akatoka nje, akasimama dirishani, akashusha barakoa, akaanza imla upya.