Baiskeli ya Vipimo vya Ngazi

Mnunuzi alivaa glavu nyeupe kabla hajaigusa baiskeli. Alipitisha vidole juu ya bomba la juu la fremu, taratibu, kama daktari anayetafuta mahali panapouma, na mjane akamtazama. Tangu msiba, watu wengi walikuwa wamepita katika sebule ile, wakaketi kwenye kochi chini ya baiskeli, wakasema ni nzuri. Huyu alikuwa wa kwanza kuiangalia kama kitu chenye uhai.

Ilikuwa baiskeli ya mashindano, ya chuma, iliyoundwa Italia na fundi ambaye karakana yake ilikwisha fungwa. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee. Mabomba yalikuwa membamba kuliko ya baiskeli za siku hizi, na pale yalipokutana, fundi alikuwa amepiga tupa viungio mpaka vikachongoka kama ncha za majani. Vijiti vya gia vilikaa kwenye bomba la chini, si kwenye usukani, kwa hiyo aliyetaka kubadili gia ilimbidi ainame na kuachia mkono mmoja, hata kama yuko kwenye mteremko.

"Siku hizi wanatengeneza za kaboni," mnunuzi alimwambia mtoto wa marehemu. "Ni nyepesi, sibishi. Lakini ikiingia ufa umekwisha, unaitupa. Chuma kikipinda kinanyooshwa. Bomba likioza linatolewa, linaungwa jingine. Na ukiipanda kwenye barabara mbovu haikutetemeshi, inakubeba. Mtu aliyeijua hii haachi kuizungumzia."

Mtoto wa marehemu aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Alikuwa afisa wa bima, hakuwahi kupanda baiskeli yenye gia maishani mwake, na ndiye aliyemtafuta mnunuzi. Paa la nyumba ya mama yake lilikuwa linavuja, na yeye aliona hakuna maana ya bingwa wa mbio za baiskeli kufa akaacha kitu cha thamani ukutani huku mkewe akitega sufuria sakafuni kila mvua inaponyesha.

Mnunuzi akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa.

"Samahani, mama. Marehemu alikuwa na kimo gani?"

"Cha kawaida. Tulikuwa tunalingana."

"Basi mniwie radhi, lakini fremu hii si ya kimo chake. Tazama kiti kilivyoshushwa mpaka kikagota. Hii imetengenezewa mtu mrefu, mrefu kupita kiasi. Nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Baba alichukua ubingwa akiwa juu ya baiskeli hiyo hiyo," mtoto akasema, na sauti yake ikapanda kidogo. "Picha zipo. Magazeti yapo. Ulimwengu mzima unajua."

"Picha nimeziona. Ndiyo maana nauliza."

Mjane alikuwa amesimama mlangoni akiwa na sinia la chai. Akaliweka mezani, akakaa.

"Haikuwa yake," alisema. "Ni ya Ngazi."

Ngazi alikuwa mwenzake na marehemu katika timu. Walimwita hivyo kwa sababu ya urefu wake. Wenzake walikuwa wakisema kwamba mvua ikianza, yeye analowa kwanza na kuwaarifu wengine. Baiskeli zote za klabu zilikuwa fupi kwake, magoti yakagonga usukani, hivyo meneja akapeleka vipimo vyake Italia, mguu, mkono, kiwiliwili, kama mtu anayeshonesha suti. Baada ya miezi mingi ikaja hii. Marehemu, ambaye wapenzi wa mbio walimpa jina la Kipanga, alipanda ya kawaida kama wengine.

Siku ya mwisho ya mbio za taifa Kipanga alikuwa anaongoza. Kwenye mteremko wa mlima akaanguka, uma wa mbele unaoshika gurudumu ukakatika. Ngazi alikuwa nyuma yake tu. Alishuka, akampa baiskeli yake, na Kipanga akashusha kiti kwa haraka, akaondoka. Akashinda. Waandishi walipomzunguka alisema maneno ambayo baadaye yalichapishwa kila mahali: baiskeli yangu haikuniangusha. Wapanda baiskeli wote wa wakati ule walijua baiskeli ilikuwa ya nani. Hakuna aliyesema. Kipanga alikuwa kipenzi cha watu, na Ngazi mwenyewe alikuwa kimya.

Mtoto wa marehemu alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ngazi huyu fundi wa mageti?"

"Huyo huyo."

"Aliyekuwa anaisafisha kila mwaka?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mnunuzi alivua glavu, akazikunja. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai yake, akatafakari, akasema kwamba kwa maoni yake jambo lile halikubadili kitu. Baiskeli ilikuwa ya kweli na ushindi ulikuwa wa kweli. Kama wangeiacha habari ilivyokuwa inajulikana, asingepunguza chochote katika bei waliyokubaliana.

"Watu hawanunui chuma peke yake, mama," alisema kwa upole. "Wananunua na habari yake."

"Nimekuelewa," mjane akajibu.

Asubuhi yake alipanda juu ya kochi, akaishusha baiskeli ukutani mwenyewe, akaikokota barabarani. Matairi hayakuwa na upepo. Watu walimpisha njia, mwuza magazeti akamuuliza kama anakwenda mashindanoni, naye akamjibu kwamba amechelewa kidogo. Alipofika kwenye karakana ya mageti jasho lilikuwa limemlowesha mgongo.

Ngazi alikuwa anachomelea grili ya dirisha. Alipomwona alizima mashine, akainua miwani, akainuka kwa kushika nyonga. Mwili ulikuwa umeinama, lakini bado alimfanya mtu atazame juu.

"Shemeji. Si ungeniita nije?"

"Nimeileta kwako. Si kwa kusafishwa. Nimeirudisha."

Ngazi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakuigusa.

"Kipanga aliwahi kunirudishia," alisema.

"Lini?"

"Siku ile ile."

Akamvutia kiti cha plastiki, yeye akaketi juu ya mtungi wa gesi uliokwisha. Alieleza kwamba gari la timu lilipita likimfuata Kipanga, likamwacha. Naye akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, na ile baiskeli iliyovunjika uma, mpaka magari yote ya mashindano yakaisha. Jua lilikuwa linashuka alipoona mtu anapanda mlima peke yake. Alikuwa Kipanga, bado na shada shingoni, vidole vya miguu vikizitafuta pedali kwa shida.

"Alirudi kukuchukua?"

"Alirudi. Akashuka, akanisogezea baiskeli. Akasema, chukua kilicho chako. Nikamwambia kaa nayo. Nilikuwa kijana, shemeji. Nilikwisha yasikia maneno yake redioni, kwenye gari la mtu aliyepita. Nilitaka aseme ukweli kule chini mbele ya watu, si kule juu tulipokuwa wawili. Tukateremka kwa miguu, kila mmoja anakokota ya mwenzake. Hatukuzungumza mpaka mjini."

Mjane aliangalia mikono yake. Usiku wa karamu ya ushindi alikuwa bado mchumba, amekaa meza ya mbele katika gauni la kuazima karibu na kiti kitupu. Bwana wake alikuja chakula kimekwisha poa, miguu imejaa vumbi, akamwambia tu alikuwa na shughuli. Alinuna wiki nzima. Akadhani ni mwanamke.

"Hakuniambia," alisema. "Miaka yote ile."

"Hata mimi hakuniambia kitu tena. Kila mwaka anakuja, naifungua, naitia grisi, naifunga. Anauliza hali ya watoto. Mwaka juzi alisema, Ngazi, mimi sijui nianzie wapi. Nikamwambia aanzie kwenye breki, zimelegea. Tukacheka." Akakikunja kile kitambaa. "Ningemwacha aseme."

Jioni mtoto wa marehemu alikuja mbio karakanani, tai imelegezwa, amekuta ukuta mtupu nyumbani. Alikuwa na maneno mengi mdomoni, kuhusu ahadi, kuhusu paa, kuhusu mtu kufanya mambo makubwa bila kushauriana. Aliwakuta wamepiga magoti pande mbili za baiskeli iliyopinduliwa, mama yake akishikilia gurudumu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Shika hapa, mama yako amechoka."

Akashika. Kiti ndicho kilichokataa. Nguzo yake ilikuwa imegandana na fremu kwa kukaa mahali pamoja miaka mingi. Ngazi alitia mafuta, akapasha moto kwa uangalifu asiunguze rangi, akagonga kwa nyundo ya mpira. Walipokezana, wakanyonga, kijana akachafua shati lake la ofisini. Mama yake akamsimulia waliyozungumza, habari ya mlima na ya shada. Kijana hakuinua uso. Aliendelea kunyonga mpaka nguzo ikatoa mlio mkali na kuachia, na hapo ndipo wakaona machozi yake yalikuwa yamefika kidevuni.

"Alikuwa mwoga," alisema.

"Alikuwa na miaka ishirini na kitu," Ngazi akajibu. "Na alipanda mlima ule mara mbili siku moja, mara ya pili juu ya baiskeli isiyomtosha. Mimi nimejaribu kumchukia, nimeshindwa. Tuendelee, giza linaingia."

Wakakipandisha kiti kwenye alama ya zamani, nguzo ikatoka ndefu na kung'aa. Ngazi alipanda akiegemea ukuta. Nyonga ilimuuma, wakaona. Akaingiza kiatu kwenye kikamata mguu cha pedali, akajisukuma, akaenda mpaka mwisho wa uchochoro akiyumba, akageuka, akarudi akiwa amenyooka. Mguu wake ulishuka mpaka chini bila kukunjika, ukapanda, ukashuka. Fremu haikutoa sauti yoyote.

Akashuka. Aliweka paji la uso juu ya kiti, akakaa hivyo kwa muda, na wao wawili wakatazama pembeni.

Mtoto wa marehemu alimpigia mnunuzi simu kesho yake akamweleza kwamba mali haikuwa yao kuiuza. Mnunuzi alisikitika, akaomba namba ya Ngazi, akapewa. Alikwenda kumwona. Alitoka mikono mitupu, lakini alikaa pale mpaka mchana akisikiliza. Wiki chache baadaye gazeti moja la michezo liliandika kwa ufupi baiskeli ilikuwa ya nani, katika ukurasa wa ndani, bila picha. Wapo waliosema mjane amemvunjia mumewe heshima kaburini. Shemeji yake mmoja, ndugu wa marehemu, aliacha kumtembelea. Paa liliezekwa upya kidogo kidogo, mwanawe akikopa kazini, na upande wa jikoni ulikuwa bado haujafikiwa.

Mjane hakujutia. Ilimuuma tu kwamba kwa miaka yote alikuwa na mume aliyekosa usingizi karibu na tarehe za mbio, naye akimtengenezea maziwa ya moto, akidhani ni fahari inayomkesheza.

Asubuhi moja alikuwa kwenye makutano ya barabara akisubiri basi la kwenda sokoni. Ngazi alipita akienda kazini, suruali amefunga kamba kifundoni, mgongo sambamba na barabara, mkono mmoja umeshuka kubadili gia. Hakumwona. Magari yalisimama kumpisha, naye akakata kona kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Mjane akaendelea kutazama upande ule mpaka kondakta alipomuuliza kama anapanda au la.