Korido ya Bi Futi

Jumanne, baada ya chai, binti alipiga magoti akamfunga mama yake kidude cha kuhesabu hatua kwenye kifundo cha mguu. Kidude kililia mara moja, taa yake ikageuka kijani. Mama akashika fremu ya kutembelea, akavuta pumzi, akaanza safari ya chooni.

Mama huyo alishona sare za shule kwa miaka thelathini na minane, futi shingoni asubuhi hadi jioni, na mtaa mzima ulimwita Bi Futi. Nyumba yake aliijua kwa inchi. Korido, kutoka mlango wa chumba chake hadi mlango wa choo, ilikuwa futi ishirini na mbili. Hapo ndipo alipoteleza mwezi uliopita akavunjika nyonga. Hospitali ilimtia chuma, ikamrudisha nyumbani na fremu, kidude, na kishikwambi ambacho mtaalamu wa viungo alitokea kwenye skrini yake kila Ijumaa saa nne.

"Siku hizi hatuzunguki majumbani," mtaalamu alieleza. "Namba zinatuambia kila kitu."

Jumatatu Bi Futi alikuwa amefika chooni kwa hatua ishirini na tano. Jumanne hiyo zikawa arobaini. Alidhani anapiga hatua fupi kwa woga, maana woga alikuwa nao wa kutosha kuwagawia majirani. Jumatano zilipofika sabini, alimwambia binti achukue futi. Binti akapima, futi ikimwishia njiani tena na tena.

"Futi sitini na moja," akasema.

"Imerefuka."

"Vitu hurefuka, Mama." Binti alikuwa dobi wa hoteli, na mambo hayo aliyaona kila siku. "Sweta ukiianika vibaya, mikono inafika magotini."

"Sweta huitembei ukiwa umebanwa na haja."

Hapakuwa na ufa wowote. Sakafu ilikuwa ileile na rangi ya ukuta ileile, ila sasa zilikuwa nyingi zaidi.

Ijumaa mtaalamu alitokea akitabasamu. "Bibi, hatua elfu mbili kwa siku! Lengo letu lilikuwa mia mbili!"

"Ni korido, mwanangu. Imerefuka."

"Wagonjwa wengi huona hivyo mwanzoni."

Binti akakigeuza kishikwambi kikatazama koridoni. Kule mwisho mlango wa choo ulionekana mdogo kama kisanduku cha kiberiti. Mtaalamu alitazama kwa makini.

"Mwanga unatosha," akasema. "Ondoeni tu ule mkeka, usije ukamkwaza."

"Nafikiria kumwekea ndoo chumbani," binti akasema.

"Hapana, dada. Akitumia ndoo hatua zitapungua. Hatua zikipungua, mfumo unamhesabu kuwa amekataa matibabu, nafasi yake anapewa mwingine."

Wakauondoa mkeka. Ndoo ikabaki uani.

Wiki iliyofuata Bi Futi alipunguza chai ikawa nusu kikombe, kisha robo. Alijifunza kuianza safari kabla ya haja yenyewe. Midomo ilimkauka, mguu ukavimba, na akiwa kitandani masikio yake yalikuwa tumboni, akisikiliza kama mtu anayengoja hodi ya mdai. Korido iliendelea kukua, na kila asubuhi mama na binti walisimama mlangoni kuikadiria kwa macho.

Alhamisi haja ilimwahi. Alikuwa katikati. Kukaa chini hakuthubutu, kwani asingeinuka tena. Alishika fremu, akaita. Binti alikuwa jikoni, akaisikia sauti nyembamba kama ya mtu aliye ng'ambo ya bonde. Akachukua gauni kavu, taulo na chupa ya maji, akatoka mbio, na alipofika alikuwa anahema.

Alimkuta mama amesimama vilevile, soksi zimelowa, macho ukutani.

"Nilikuita."

"Nilikusikia, Mama. Ndiyo nimefika."

"Usimwambie mtu."

"Simwambii."

"Watoto wengine walijikojolea nikiwapima sare," mama akasema. "Sikumcheka hata mmoja."

Binti akamvua soksi palepale, moja moja, akamfuta miguu.

Kesho yake saa nne mtaalamu hakutokea. Ulikuja ujumbe: mgonjwa amevuka hatua elfu tisa kwa siku, amepona, faili limefungwa. Binti akampigia simu mtaalamu.

"Hajapona. Njoo umwone kwa macho yako."

"Dada, kutembelewa ni kwa walio nyuma. Mama yako ni wa kwanza katika orodha yangu yote."

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," Bi Futi akasema kutoka kitandani.

"Bibi anasemaje?" mtaalamu akauliza, lakini alikuwa ameshaanza kuchapa jambo jingine, vidole vikisikika.

Jumatatu dereva wa hospitali alikuja kuchukua vifaa. Fremu ilikuwa imebaki kule chooni, kwa kuwa asubuhi hiyo binti alimrudisha mama kwa kumbeba mgongoni. Dereva akaifuata mwenyewe. Alirudi baada ya karibu nusu saa, koti mkononi, fremu begani.

"Korido yenu ndefu," akasema.

"Ndefu," binti akakubali. "Fremu si ungetuachia?"

"Karatasi inasema na fremu. Kuna mzee anaisubiri, yeye hatembei kabisa." Akaelekeza kidole. "Sahihi hapa."

Binti akaitazama karatasi muda mrefu. Kisha akaweka sahihi.

Kazini aliomba apewe zamu ya mchana ili asubuhi ziwe za mama, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Siku iliyofuata, baada ya chai, mama na mwana walitoka mapema. Mkono wa mama ulikuwa begani mwa binti, na binti alikuwa na stuli kwapani na maji ya kunywa kwenye mfuko. Walitembea, wakapumzika, wakatembea. Mara ya tatu walipopumzika, Bi Futi aliketi kwenye stuli akishikilia nyonga, akatazama mbele.

"Tumefika nusu?"

"Tumekaribia, Mama."

"Usinidanganye."

Binti akageuka, akatazama walikotoka, akatazama waendako.

"Bado," akasema. "Inuka twende, kabla haijaongezeka."