Bobu ya Bi Asya

Bi Asya aliacha ombi moja tu. Aliliacha kwa mdomo, Alhamisi, binti yake Tamima akimkata nywele katika ukumbi wa nyumba yao ya Ibra, Omani.

"Siku yangu," alisema, "asitokee mtu akasema homa."

Tamima alisema sawa. Akamalizia kisogo, akampuliza vipande vya nywele shingoni, akaurudisha mkasi kwenye kifuko chake. Jumanne iliyofuata mama yake alifariki akiwa amekaa kwenye msala baada ya alasiri. Asubuhi ya Jumatano Tamima alisimama katika chumba cha kuoshea maiti kando ya msikiti, glavu mikononi, na hakuhisi kitu. Alifanya kazi katika maabara ya kupimia maji kule Sur, na glavu zilikuwa za aina ileile. Hilo alilitambua. Zaidi ya hilo alijua tu kwamba ombi lile lilikuwa bado halijatimizwa.

Homa yenyewe ilikuwa na historia yake. Asya alikatwa bobu Unguja mjini, angali mwanafunzi, miaka michache kabla ya mapinduzi: nywele zilizopunguzwa sawasawa usawa wa ndewe za masikio, kisogo wazi. Mtindo ulianzia Ulaya, ukafika Unguja kwa majarida na sinema za Misri. Mjini bobu haikuwa na siri. Ilisema kwamba msichana huyu anasoma. Wazee walinung'unika, kisha wakazoea, maana nje buibui lilifunika kila kitu.

Ibra ilikuwa na kipimo chengine. Alipofikishwa pale bibi harusi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama mkwe alimvua ushungi mbele ya wanawake wa nyumba, akakitazama kile kisogo wazi. Nywele za mwanamke pale zilitiwa mafuta, zikatengwa njia, zikasukwa na kushushwa mgongoni; hazikatwi ila kwa maradhi. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Aliwatokea majirani waliokuwa wakisubiri kumwona bibi harusi, akawaambia kwamba mtoto wa watu alishikwa na homa kali huko Unguja, nywele zikanyonyoka. Majirani wakamhurumia. Aibu ikaisha siku ileile, homa ikabaki.

Aliyeiamini kuliko wote ni wifi yake, Ghalia, wakati ule msichana mdogo asiyejua neno la Kiswahili. Ghalia alijitwika kazi ya kuziotesha nywele zile. Kila Ijumaa alikilaza kichwa cha wifi yake mapajani, akakipaka mafuta aliyoyachemsha mwenyewe, na hapo mapajani ndipo alipojifunza Kiswahili. Naye Bi Asya, nywele zikigusa kola, alizipunguza kwa siri. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, kazi ikahamia kwa Tamima.

Mara moja Tamima alimuuliza sababu.

"Nguo navaa zenu, chakula nala chenu, Kiarabu nasema chenu. Kichwa hiki changu."

"Na Shangazi Ghalia, kwa nini usimwambie?"

"Ningemwambia lini? Mwanzo niliogopa. Baadaye nikaona haya."

Sasa, katika chumba cha kuoshea, Shangazi Ghalia alikuwa upande wa kichwa, ameshika kopo la maji ya majani ya mkunazi. Muoshaji, Bi Mazoon, mzaliwa wa Pemba mwenye mabega mapana, alifanya kazi huku akinong'ona dua, na baina ya dua akisema lililomjia.

"Mwepesi huyu, Mungu amrehemu. Juzi nimeosha mmoja, mgongo wangu mpaka leo hauniamkii."

"Wewe osha, Mazoon," alisema Shangazi. "Mgongo wako tutauzika siku nyengine."

Walifika kwenye nywele. Ada ni kuziosha, kuzichana na kuzisuka mikia mitatu, kisha kuilaza nyuma ya marehemu. Bi Mazoon alipitisha kitana. Nywele, nyeupe zote, zilichanika mara moja na kuishia shingoni.

"Zasukika hizi?"

"Jaribu," alisema Shangazi. "Zivute kidogo. Maskini, zilimtoka kwa homa angali kigori, hazikuota tena. Nimehangaika nazo mimi, Mungu shahidi. Hazikuota."

Tamima aliusikia moyo wake ukipiga kama kawaida. Alifikiri kwamba mtu angeweza kunyamaza hapa na kusiharibike chochote kinachoonekana. Shangazi angebaki na homa yake na Ijumaa zake zote. Mama yake asingejua.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Hakuwa na homa. Nywele alikuwa akizikata. Alizikata Unguja, na hapa akaendelea. Mara ya mwisho nimemkata mimi, Alhamisi."

Maji yaliendelea kuchuruzika kuelekea kwenye mfereji wa sakafuni. Bi Mazoon aliinamisha uso akaongeza sauti ya dua.

"Alhamisi," alisema Shangazi.

"Ndiyo."

"Na Ijumaa nimempaka mafuta."

"Ndiyo."

"Nikamwambia, wifi, naona zimeanza kuota. Akaniambia inshallah." Alipitisha kidole kwenye kisogo cha marehemu, pale nywele zilipoishia kwa mstari ulionyooka. "Mbona hukungoja nimzike kwanza?"

"Aliniomba."

"Alikuomba wewe."

Akaliweka kopo chini, akavua glavu na kutoka. Tamima aliliokota kopo, akamimina maji hadi kazi ilipokwisha. Bi Mazoon hakusuka. Alizichana nywele zikalala nyuma, akatia kafuri na kuifunga sanda. Nje, Firas, kaka wa Tamima, aligonga mlango kuuliza kama wako tayari. Tamima alisema wako tayari.

Adhuhuri sebule ya wanawake ilijaa. Shangazi Ghalia alikaa mahali pake, wa kwanza kutoka mlangoni, akipokea mikono. Tamima alizunguka na dele la kahawa. Walikuja jamaa kutoka Jalan Bani Bu Hassan, na mmoja wao, Bi Wijdan, binamu wa marehemu baba wa Tamima, alikaa kwa kuguna, akafuta macho.

"Maskini Asya! Mwanamke mzuri vile. Kama si ile homa iliyomla nywele..."

Tamima alisimama na dele mkononi. Alifungua kinywa.

"Homa gani?" alisema Shangazi Ghalia kwa sauti kavu. "Akikata kwa mkasi. Bobu! Mambo ya wasichana wa skuli, huko Unguja. Umri wote huu mie nimekaa namkanda kichwa kama mjinga, naye kalala kimya mapajani pangu."

"Wallahi?"

"Mstari nimeuona kwa macho yangu."

"Na kwa nini asikwambie?"

"Mfuate ukamuulize."

Wanawake wawili walicheka, wakaziba midomo kwa ncha za shungi. Bi Wijdan alimgeukia jirani yake, na habari ikaanza kusafiri kando ya ukuta walikokaa, mtu kwa mtu, mpaka mlangoni. Shangazi hakucheka. Tamima alipoinama kummiminia, alikitikisa kikombe kuonyesha kwamba hataki zaidi, akakirudisha bila kumtazama. Tamima alikipokea, akasogea kwa mwanamke aliyefuata.