Nusu Behewa la Buger

Siku ile mjinga alikuwa Inosenti, na hata leo ukimuuliza hatakusumbua kumtafuta mwingine.

Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Karatu mjini, mtu wa maneno mengi na makovu ya cheche mikononi. Safari moja ya Moshi, kwenye yadi ya vyuma chakavu, akakuta mabehewa ya abiria yaliyostaafishwa yakikatwa vipande kama ng'ombe wa sikukuu. Moja lilikuwa limeshagawanywa katikati. Nusu ya nyuma ilikwisha kwenda kwenye tanuru. Nusu ya mbele ilibaki na mlango wake wa kichwani, namba zake nyeupe, na viti vya mbao vilivyong'arishwa na makalio ya nusu ya nchi. Huruma ikamfikia Inosenti kabla ya akili. Akalinunua, akalipakia kwenye lori, likapanda mlima kutoka Mto wa Mbu, na watu wa Karatu, ambao reli haijawahi kuwafikia, wakatoka madukani kulitazama.

"Treni imekuja," akatangaza. "Imesahau reli tu nyumbani."

Mpango wake ulikuwa kulitunza lisife, watalii walale ndani. Akalipeleka shambani kwao Buger, kwenye mteremko, na hapo akafanya kosa ambalo asingelifanya mtu ila Mwiraqw. Babu zake walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, wakafunika dari kwa udongo na nyasi, upepo ukapita juu bila kujua chini kuna watu. Inosenti akasema chuma kikikaa nje kitaliwa na kutu, kikikaa ndani ya kilima kitadumu. Msaragambo ukaitwa, majirani wakachimba, pombe ikanywewa. Behewa likasukumwa shimoni kwa urefu wake, nyuma likazibwa kwa ukuta wa tofali, juu na pembeni likajazwa udongo mwekundu. Kikabaki kuonekana kile kichwa tu, na mlango na namba zake.

Metui, rafiki yake wa mnadani, Mmasai, alitoka Olbalbal kuja kuliona. Akasimama mbali, fimbo mabegani.

"Rafiki yangu, umelitunza au umelizika?"

"Ingia upoe. Hujazoea nyumba ya chini, wewe."

"Nimeziona za wazee wenu. Zilikuwa na nguzo ndani, miti minene. Hii ina nini?"

"Ina chuma, Metui. Chuma."

Metui akaligonga bati kwa fimbo. Likalia kama debe tupu. Akaaga mapema, naye si mtu wa kuaga mapema penye chai.

Nguvu ya behewa iko chini, kwenye chasisi. Paa lake liliwekwa kuzuia mvua, halikuwekwa kubeba kilima. Inosenti, aliyeshika chuma maisha yake yote, alilijua hilo vizuri, ila siku ile ya msaragambo alikuwa anashangiliwa.

Aliyeingia kwa furaha ni mama yake, Selestina. Alizaliwa kwenye nyumba ya udongo kama zile na alikuwa hajaacha kuikumbuka. Akahamishia humo kitanda chake na mkongojo wake, maana nyonga ilikuwa mbovu, akasema hatoki mpaka wageni wafike.

Masika yakaanza. Mlango ukakwama. Inosenti akaleta grainda, akausaga ukingo, ukafunga vizuri.

"Mlango umenenepa," akamwambia mkewe, Blandina. "Ugali wa mama huo."

Mvua ikazidi, mlango ukakwama tena, akausaga tena. Skrubu zikaanza kuchomoka zenyewe darini na kudondoka kwenye viti, moja, kisha kimya, kisha nyingine. Kioo cha dirisha la pembeni, kilichotazama udongo mtupu, kikapata ufa toka kona hadi kona bila kuguswa na mtu. Selestina akasema ni kilima kinajigeuza usingizini.

"Baba Goodness," Blandina alisema, "wewe unasaga mlango. Kinachopungua ni tundu lake."

"Wewe na Metui mngefungua kanisa."

"Mtoe mama."

"Wageni wanakuja Jumamosi. Wakimkuta bibi amekaa ndani ya treni, si ndiyo picha yenyewe hiyo?"

Blandina hakucheka. Alikuwa anatazama juu ya mteremko, mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yanaingia ardhini na hayaonekani yanatokea wapi.

Ijumaa mchana mvua ikakatika ghafla. Blandina akapeleka chai, akasukuma mlango, haukwenda. Akamwita mumewe. Inosenti akasukuma kwa bega, kisha akaleta mtaimbo, mtaimbo ukapinda. Juu ya mlango fremu ilikuwa imebonyea katikati kama mgongo wa punda aliyezidishiwa mzigo. Kupitia kidirisha cha mlangoni, kisichopitisha hata kichwa cha mtu, wakamwona Selestina amekaa kiti cha mbele, mkongojo mapajani. Nyuma yake paa lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migongo ya viti, na udongo ulikuwa unachuruzika kwenye maungio, laini, kama unga kwenye chekeche.

"Niite watu tufukue juu," Inosenti alisema.

"Watu wapande juu ya hilo?" Blandina alikuwa ameshavuta waya wa jenereta. Akamwekea grainda mkononi, akaonyesha bati la ubavuni mwa mlango, palipo na namba. "Kata hapa."

Inosenti akaishika, hakuiwasha. Kile kichwa ndicho kilichobaki cha behewa zima. Nusu iliyeyushwa, hii nyingine iko chini ya kilima inapondeka, na kilichokuwa bado kinaweza kuonekana na jua ni bati lile na namba zake. Ndani kitu kikaguna, mguno mrefu, kikanyamaza.

"Mama," akasema kwenye kidirisha, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha, "vumilia kidogo nilete jeki ya lori. Nikikata hapa, hii haitakuwa treni tena."

Selestina akafuta udongo usoni kwa kanga.

"Treni hushusha abiria, Inosenti. Hii si treni tangu asubuhi. Kata."