Kisu cha Kumlaza Mheshimiwa

Tangu mtoto azaliwe, nyumba nzima ilisahau jina la yule kijana. Dada yake akamwita Mjomba, shemeji yake akamwita Mjomba, mpaka wateja wakadaka: Mjomba wa visu. Mtoto mwenyewe walimpa jina la Mheshimiwa, maana alikuwa na kitambi, hana nywele, na akitaka kitu hangoji foleni.

Mjomba alikuwa na meza yake chumba cha nyuma, na upande wa pili wa ukuta ndipo kilipokuwa kitanda cha Mheshimiwa. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Lakini juu ya huo mlango, we acha tu, vilikaa visu vya kukunja vya watu wenye hela zao. Sio vya kukatia kamba. Hivi mtu ananunua kwa bei ya friji, anakaa nacho wiki, anaona bado, anakuja kwa Mjomba: nibadilishie mpini, nitie rangi, nilainishie. Mtu wa kawaida akisikia hivyo anashika kiuno. Mjomba yeye akikunjua kisu kizuri alisisimka mpaka kisogoni.

Sasa kikaja kisu cha daktari wa meno. Mama mmoja mwenye vidole vyembamba na kicheko cha kutikisa madirisha. Alitaka mpini wa titani, rangi ya bluu kama moto wa jiko la gesi, na alitaka ubapa ulegee mpaka ukiuachia ujifunge wenyewe, taratibu, kama kope za mtu aliyeshiba. Mjomba akaitikia kabla mama wa watu hajamaliza sentensi.

Titani haipakwi rangi. Unaichovya kwenye maji ya magadi, unaipitishia umeme wa betri ndogo zilizoungwa kichwa kwa mkia, na rangi inachomoza yenyewe kwenye chuma. Ongeza betri, rangi inageuka. Hapo ndipo Mjomba alipoponzwa na raha. Bluu ilitoka safi kabisa, akasema ngoja nione inayofuata ikoje, akaongeza betri, akaongeza nyingine, akacheka peke yake kama kichaa, na alipozinduka mpini ulikuwa wa njano. Njano gani sasa? Ingekuwa ya dhahabu angesingizia. Hii ilikuwa njano ya jino lisilofahamiana na mswaki. Umpelekee daktari wa meno! Na rangi ikishapita hairudi nyuma. Akazizika zile pande mbili za mpini kwenye droo, akakata nyingine, na safari hii akaikalia mikono yake bluu ilipofika.

Ikabaki kulainisha. Ndani ya mpini wa kisu cha namna ile kuna gololi, ndogo kuliko punje ya mtama, inayotumbukia kwenye kitundu cha ubapa ili kisu kisikufungukie mfukoni. Ukifungua inatoka, ukifunga inaingia: tak. Na dawa ya kulainisha ni kufungua na kufunga, kupangusa, kutia tone la mafuta, halafu kufungua na kufunga tena. Mjomba alishinda kutwa nzima, siku baada ya siku, tak, tak, tak, mpaka kidole gumba kikaota ngozi ya kisigino.

Shemeji ndiye aliyechoka. Shemeji alikuwa mwalimu wa udereva, mtu anayeshinda amekanyaga breki kuokoa roho yake, akirudi nyumbani anataka kimya. Akalalamika kwamba ile tak itamharibia mtoto usingizi. Dada akamwambia mbona mtoto analala kama gunia. Shemeji akasema huyo analala kwa uchovu, subiri uone. Halafu akamfuata Mjomba mlangoni, akaongea kwa upole, na Shemeji akiongea kwa upole ujue mambo yameharibika.

"Mjomba, nakupa mpaka Jumamosi. Hiyo sauti isipokwisha, meza inatoka, naweka kabati la nguo za mtoto. Na wewe nimekutafutia kazi pale chuoni kwetu, kuosha magari."

Mjomba hakuwa na chumba kingine duniani. Bila meza hakuna visu, na bila visu ni yeye na ndoo, akisugua matope kwenye magari ya watu wasiojua kona.

Basi akaivamia ile sauti. Akafungua kisu chote, skrubu moja moja, akasugua njia ya gololi kwa msasa mlaini, kisha kwa msasa mlaini zaidi, kisha kwa dawa ya kung'arishia mpaka ungeweza kujitazamia meno humo. Kingo za kitundu akazizungusha. Jumamosi asubuhi akakifunga, akabonyeza, akainamisha. Ubapa ukashuka wenyewe, polepole, ukaingia kwenye mpini bila kusema neno. Mjomba akaruka. Akakimbia sebuleni, akamfungulia na kumfungia Shemeji kisu sikioni. Kimya. Shemeji akaitikia kwa kichwa pole pole, kama aliyemwona mwanafunzi akiegesha vizuri.

Ndipo Mheshimiwa alipoamka.

Hakulia, alihutubia. Dada akampa ziwa, akalikataa. Wakasema ni gesi, wakampiga piga mgongo, akacheua vizuri kabisa na kuendelea na hotuba. Wakasema ni joto, wakamvua. Wakasema ni baridi, wakamvalisha. Kwa mwendo huo ikafika saa sita. Dada nywele zimesimama upande mmoja, Shemeji anazunguka sebule kwa gia ya kwanza, na daktari wa meno yuko njiani kuja kuchukua kisu chake.

Shemeji akachukua kalamu amwandikie Dada jina la dawa ya tumbo. Alikuwa na hasira, akaibonyeza kwa nguvu: tik. Mheshimiwa akanyamaza.

Wakatazamana. Shemeji akabonyeza tena. Tik. Mtoto akageuza shingo. Tik, tik, tik. Macho yakaanza kulegea, Dada akaanza kumshukuru Mungu chini kwa chini, halafu Mheshimiwa akafungua jicho moja, akaisikiliza ile kalamu vizuri, akaona ametapeliwa. Hotuba ikaanza upya, na safari hii na matusi.

"Mjomba," Dada akasema taratibu, "huyu mtoto alikuwa analala kwa kisu chako."

Mjomba alishaelewa zamani, ameshika kisogo. Ameitafuta sauti ile, ameiua, na chuma ukishaking'arisha hukirudishii mikwaruzo. Shemeji naye akakaa kwenye kiti, akaitazama kalamu.

Mjomba akarudi mezani mbio. Chini ya meza palikuwa na kisu cha aina ile ile kilichovunjika ubapa, mteja mmoja alikitumia kufungulia kopo la rangi, mshenzi yule. Akabana kile kipande cha ubapa kwenye jiliwa, akakipiga tupa mpaka ncha ikawa duara kama kucha na makali yakawa butu kama mpini wa kijiko. Akatoboa kitundu kikubwa, gololi itumbukie kwa kishindo. Akafunga. Tek. Kupitia ukutani Mheshimiwa akaikataa papo hapo. Akachimba kitundu zaidi. Tek, lakini ya kupiga kelele. Ikakataliwa kwa kelele kubwa kuliko yenyewe.

Akasimama, jasho linamtoka, na anacheka, maana hajawahi kuwa na mteja msumbufu kiasi hiki. Mpini. Mpini ulikuwa wa chuma cha kawaida, sauti inafia humo humo. Tak ile ilikuwa ya titani. Na titani, akafungua droo, ilikuwa pale pale, njano inamkenulia.

Akazifunga zile pande za aibu haraka haraka, skrubu moja ikamtoroka akaidaka hewani kwa kinywa, usiulize. Akakaza. Akabonyeza.

Tak.

Upande wa pili wa ukuta, hotuba ikakatika katikati ya neno.

Tak. Tak. Mjomba akatoka chumbani akibofya, ananyata kama anabeba maji yaliyojaa pomoni, akafika kitandani. Mheshimiwa akamtazama mjomba wake kwa macho ya mtu aliyeombwa radhi na kukubali. Akaunyoosha mkono akitaka kitu chenyewe, wakamnyima, maana alikuwa na tabia ya kula ushahidi. Tak. Kope zikashuka. Akalala.

Kidole gumba cha Mjomba kilipopata ganzi, Shemeji akanyoosha kiganja bila kumtazama, akapokea zamu. Tak, tak. Baadaye Dada akamwambia kwa kunong'ona kwamba mtoto ameshalala kitambo, anaweza kuacha. Shemeji akasema ndiyo, anaacha. Tak.

Daktari wa meno akawakuta hivyo. Mjomba akamkabidhi kisu cha bluu, mama akakifungua, ubapa ukajishukia wenyewe, akakisifu kwa sauti ya chini kwa ajili ya mtoto. Lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha Shemeji. Akaomba akione kile kingine. Alipoiona rangi akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakacheza.

"Mwanangu, rangi hii mimi naipiga vita kila siku kazini."

Halafu akakibofya. Tak. Akakibofya tena. Akaikunja midomo, akakaa kwenye mkono wa kochi, akabofya na kubofya, na kile cha bluu amekiweka pajani kama kiporo. Mwishowe akasema changu ni kizuri lakini ni bubu, hiki kina maneno, na akauliza kama anaweza kukichukua hiki pia.

Mjomba akafungua mdomo. Shemeji akamtangulia. Alisimama, akakitwaa kisu mkononi mwa mama wa watu kwa adabu zote, akakitia mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko kwa juu.

"Samahani Daktari. Hiki ni cha familia. Mjomba atakutengenezea kingine, njano kama hii na sauti kama hii."

Mjomba akamuuliza Shemeji, kwa sauti ndogo, atakitengenezea wapi.

"Si hapo hapo mezani kwako," Shemeji akasema. "Kwani unahama?"

Daktari akasahau kuna mtoto, akacheka kile kicheko chake, madirisha yakatikisika, na chumbani Mheshimiwa akaanza kusafisha koo. Wote wakaganda. Shemeji tayari mkono ulikuwa mfukoni.

Tak.